Mtu Wako Akikamatwa: Jinsi ya Kumsaidia Wakili wa Utetezi Kulinda Haki Zake

Mtu anapokamatwa na polisi nchini Kenya, jamaa zake wanapaswa kujua mambo matatu haraka: kituo alikopelekwa, saa aliyokamatwa, na nambari iliyoandikwa katika kitabu cha matukio, yaani nambari ya OB. Wakili akipigiwa simu usiku huo atayauliza hayo kabla ya kuuliza kama kosa lilitendeka, kwa sababu Kifungu cha 49 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaagiza mshukiwa afikishwe mahakamani upesi iwezekanavyo, na si zaidi ya saa 24 tangu akamatwe. Saa hizo zikiishia usiku au siku ambayo mahakama haiketi, basi hufikishwa siku ya mahakama inayofuata. Wakili asiyejua saa ya kukamatwa hana pa kuanzia kuhesabu.

Akiwa kituoni, mshukiwa ana haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa kwake kwa lugha anayoielewa, haki ya kunyamaza, na haki ya kuwasiliana na wakili. Inatosha ataje jina lake kisha aseme kwa adabu, "Afande, nitaandikisha maelezo wakili wangu akiwapo." Wasio na la kuficha ndio huzungumza mno, wakiamini kwamba wakijieleza vizuri watalala nyumbani, ilhali maneno yao huandikwa na mtu mwingine, mara nyingi kwa lugha nyingine. Ungamo lenyewe halikubaliki mahakamani ila limetolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi mwenye cheo kilichotajwa na sheria ambaye siye mpelelezi wa kesi hiyo, pamoja na mtu ambaye mshukiwa mwenyewe amemchagua awepo. Ikiwa alipigwa au kutishwa, amwambie wakili mapema, naye wakili ahakikishe ameonwa na daktari kabla majeraha hayajapona.

Panapofanywa gwaride la utambulisho, yaani mshukiwa kupangwa na watu wengine ili shahidi aonyeshe aliyemwona, mshukiwa aombe wakili au rafiki yake awepo. Anapaswa kupangwa pamoja na watu wasiopungua wanane wanaokaribiana naye kwa umri, kimo na sura, achague mwenyewe mahali pa kusimama, na aruhusiwe kubadilisha nafasi kila shahidi mmoja akishapita. Shahidi akiwa alimwona kabla ya gwaride, hata kama ni kwa kupita tu kwenye ukumbi wa kituo, wakili atalitaja jambo hilo mahakamani.

Siku ya kujibu mashtaka ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote. Washtakiwa husimama kizimbani mmoja baada ya mwingine, mashtaka yakasomwa kwa haraka, karani akauliza, "Ni kweli au si kweli?" Mtu aliyelala seli siku mbili, na ambaye ameambiwa kwamba akikubali atatozwa faini kidogo aende zake, hujibu, "Ni kweli, lakini yeye ndiye aliyeanza kunipiga." Neno hilo "lakini" ni utetezi kamili. Tangu uamuzi wa kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri wa mwaka 1973, hakimu anapaswa kuhakikisha kwamba shtaka limeelezwa kwa lugha ambayo mshtakiwa anaielewa, jibu lake limeandikwa kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana, na maelezo ya kosa yamesomwa ili apate nafasi ya kuyapinga. Akiyapinga, iandikwe kwamba amekana. Wakili aliyepo husimama papo hapo kuhakikisha hivyo. Asiyekuwa na wakili aseme waziwazi, "Si kweli," na aombe mkalimani ikiwa lugha inamtatiza.

Siku hiyohiyo wakili huomba dhamana. Katiba inampa mshtakiwa haki ya kuachiliwa kwa masharti ya kadiri, isipokuwa pawe na sababu nzito za kumzuilia, kwa hiyo jamaa waje na ushahidi wa makazi na kazi yake, na mdhamini awe na kitambulisho. Fedha taslimu zilipwe kwa risiti, nayo risiti itunzwe, maana fedha hizo hurejeshwa kesi ikimalizika ikiwa mshtakiwa amehudhuria inavyotakiwa. Asiyeweza kumlipa wakili amweleze hakimu na aombe msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016. Kifungu cha 50 cha Katiba kinaitaka Serikali impatie wakili iwapo kumkosa kungesababisha dhuluma kubwa.

Kabla ya kusikilizwa kwa kesi, upande wa mashtaka unapaswa kumpa mshtakiwa maelezo ya mashahidi na ushahidi utakaotumika. Mshtakiwa ayasome pamoja na wakili mstari kwa mstari, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kama taa ya mtaani iliwaka usiku ule. Hapo kitabu cha matukio hurudi kuwa muhimu: mlalamishi aliporipoti mara ya kwanza, je, alitaja jina au sura ya aliyemshambulia? Akiwa hakutaja, kisha leo anamnyooshea kidole mtu aliyeko kizimbani, wakili ana swali la kumuuliza.

Mashahidi wa mashtaka wakimalizika, mahakama huamua kama kuna kesi ya kujibu, yaani kama ushahidi wao unatosha kumfanya mshtakiwa atakiwe kujitetea. Ikiwapo, mshtakiwa huchagua kula kiapo, kusema bila kiapo, au kunyamaza, na uchaguzi huo aufanye baada ya kuketi na wakili wake, kwa sababu anayekula kiapo huhojiwa na upande wa mashtaka.

Akihukumiwa, ana siku 14 za kukata rufaa kutoka mahakama ya hakimu kwenda Mahakama Kuu. Wakili aombe nakala ya hukumu na ya mwenendo wa kesi alasiri hiyohiyo, kabla ya kuondoka mahakamani.