Dawa za jongo: namna ya kuzimeza bila kujidhuru

Jongo, ugonjwa wa viungo kuvimba na kuuma kwa mashambulio ya ghafla, lina dawa za aina mbili, na wengi huumia kwa kutozitofautisha. Kolkisini, diklofenaki na ibuprofeni hutuliza shambulio. Alopurinoli haitulizi maumivu hata kidogo; kazi yake ni kushusha asidi ya yuriki, taka ya mwili iliyozidi kwenye damu, mpaka fuwele zilizojikusanya viungoni ziyeyuke, jambo linalochukua miezi.

Kwa kawaida alopurinoli huanza na miligramu 100 kwa siku, au 50 kama figo ni dhaifu. Imeze baada ya kula, kwa glasi nzima ya maji. Daktari hupima damu kila baada ya wiki chache na kupandisha dozi hadi asidi iwe chini ya miligramu 6 kwa desilita. Kuna kidonge cha 100 na cha 300, kwa hiyo soma namba kila unapopewa pakiti mpya. Ukisahau siku moja, kesho yake usimeze dozi mbili.

Miezi ya mwanzo, fuwele zikianza kuyeyuka, kidole gumba cha mguu kinaweza kuvimba upya. Mgonjwa huona dawa imemgeuka, akaiacha, na hapo hurudi alikotoka. Usiiache. Ndiyo maana huandikwa pia kolkisini kidogo, miligramu 0.5 mara moja au mbili kwa siku, kwa miezi 3 hadi 6. Shambulio likija, endelea na alopurinoli na uanze mapema dawa ya shambulio uliyoandikiwa, ndani ya saa 12 ikiwezekana.

Upele ni habari nyingine. Ukitokea, hata mdogo, acha alopurinoli siku hiyohiyo umwone daktari. Ukija na homa au vidonda mdomoni, ni dharura. Anayetumia azathioprini, dawa ya kupunguza nguvu ya kinga ya mwili, aseme kabla hajaandikiwa alopurinoli, kwani zikikutana huharibu uboho.

Diklofenaki na ibuprofeni ni ndugu, usizimeze pamoja. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo asijinunulie yoyote kati yake.

Kolkisini ndiyo ya kuogopwa zaidi: dozi inayotibu haiko mbali na inayoua. Antibiotiki ya klarithromaisini huifanya irundikane mwilini, hivyo mtajie mfamasia kila dawa unayotumia. Ukianza kuhara au kutapika, isimamishe na umpigie daktari. Aliyemeza kupita kiasi aende hospitali hata kama anajisikia mzima, kwa sababu dalili huchelewa kwa saa kadhaa.