Jinsi ya kuomba kibali cha kugeuza gereji ya nyumbani kuwa vyumba vya kupangisha (kwa watu wa Mbeya)

Ndugu zangu, kama gari lilishauzwa na gereji imebaki kulaza magunia ya mahindi na baiskeli mbovu, hapo kuna vyumba viwili vya self kabisa. Huku kwetu Iyunga wanafunzi wa MUST wanatafuta vyumba kila chuo kikifunguliwa. Vyangu vimeisha na vina watu, ila fundi alitumia wiki tano na karatasi zilikula miezi minne, kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye karatasi.

Wengi tunasema ukuta upo, bati lipo, basi huu ni ukarabati tu. Hapana. Kiwanja cha makazi kinabaki cha makazi sawa, lakini unaongeza kuta, choo na watu wa kulala humo, hicho ni kibali cha ujenzi na kitoke kabla fundi hajang'oa geti. Pitia kwa mtendaji wa mtaa wako, kisha jisajili kwenye TAUSI, ule mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, kwa namba ya NIDA, jaza maombi, ambatanisha hati ya kiwanja, risiti ya kodi ya ardhi na ramani. Kujaza ni nusu saa.

Sasa kilichoniunguza. Jina. Kwenye hati yangu ya zamani ukoo umeandikwa kwa L, NIDA wameandika kwa R, na sisi huku tunajua ni jina lile lile, lakini maombi yalirudi na nilikuja kugundua baada ya wiki tatu maana nilikuwa nasubiri simu wakati majibu yamekaa kwenye akaunti yangu muda wote. Nikaenda kwa wakili kula kiapo cha majina, nikaskani, nikapandisha upya. Tafadhali toa hati kabatini leo, iweke pembeni ya kitambulisho, soma herufi kwa herufi. Na ingia kwenye akaunti kila baada ya siku mbili.

Yakarudi tena, safari hii ramani. Kijana aliyenichorea alichora gereji peke yake, nzuri kweli, milango na madirisha, ila hakuonyesha kiwanja kizima: nyumba kubwa iko wapi, mipaka, njia ya kuingilia, shimo la choo. Nikalipia uchoraji mara mbili. Mwambie mchoraji kabla hujampa hata shilingi kwamba unataka kiwanja chote kwenye karatasi. Na shimo ndilo afisa afya analokuja kuliangalia, shimo lililochimbwa kwa familia moja ukiliongezea vyoo viwili litajaa, mimi nilichimba jipya.

Kitu kingine ambacho hakuna fomu itakuambia ni sakafu. Gereji inamwagwa ikiteremka kuelekea getini ili maji ya kuoshea gari yatoke, na mara nyingi chini hakuna nailoni ya kuzuia unyevu. Ukibandika tailizi juu yake hivyo hivyo, masika unyevu unapanda ukutani mpaka godoro linanuka. Nilimwambia fundi apasue, aweke nailoni, anyanyue sakafu, na pale mafuta ya injini yalipokuwa yameingia kwenye simenti akachimba pakaisha kabisa. Baridi ya Juni na Julai mnaijua, mpangaji hawezi kulala kwenye sakafu mbichi.

Umeme unaomba mwenyewe kwa Nikonekt, huduma ya TANESCO ya mtandaoni ya kuomba kuunganishiwa, wayaringi ifanywe na fundi mwenye leseni. Mimi kuunganishiwa nililipa shilingi 320,960 kwa sababu niko ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo iliyopo na sikuhitaji nguzo mpya. Angalieni hapa: kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mita ya pili ikiwekwa kwenye jengo hilo hilo nayo inaanza kukatwa. Nenda TRA na namba za mita zote mbili, waambie ni jengo moja, ili ibaki inakatwa moja.

Ukiwa hapo hapo TRA ulizia kodi ya pango, ni asilimia 10, na mkataba wa mpangaji una ushuru wa stempu asilimia 1 ya pango la mwaka. Pigeni hesabu hiyo kabla hamjamtajia mwanafunzi bei ya chumba, mimi nilitaja kwanza na sikuweza kumpandishia mtoto wa watu aliyekwishahamisha virago vyake.