Kioo kilichopinda: jinsi ya kujua taswira itatokaje bila kukariri

Madogo mnaokariri ile tebo ya kioo konkevu, iacheni kwanza. Tafuta kile kioo cha mezani cha pande mbili, sokoni Mwanjelwa vipo, ule upande unaokuza sura ndo konkevu, yaani umebonyea ndani.

Anza na fokasi, yaani pale miale ya kitu cha mbali inapokutana baada ya kugonga kioo. Mchana zima taa, kaa mbali na dirisha, elekeza kioo kwenye kitu cha mbali huko nje, sisi wa Mbeya tuna mlima Loleza, halafu shika karatasi nyeupe mbele ya kioo, pembeni kidogo usizibe mwanga, uisogeze taratibu mpaka mlima utokee kwenye karatasi, mdogo, na rangi zake, kilele kinaangalia chini na mawingu yako chini yake. Pima kwa rula toka kwenye kioo mpaka karatasi, hiyo ndo F (fokasi), zidisha mara mbili unapata C, kitovu cha mpindo wa kioo. Ila juani usielekeze hata kama ni Julai na baridi inakukata, karatasi itaungua, na macho hayana spea.

Usiku washa mshumaa. Ukiuweka nje ya C unapata taswira ndogo iliyopinduka, kwenye C inalingana na mshumaa ila bado imepinduka, kati ya C na F inakuwa kubwa na inaenda mbali, itabidi uipokelee ukutani. Hizo zote ni halisi kwa sababu zinanasa kwenye karatasi. Kwenye F yenyewe hupati kitu, miale inatoka sambamba, ndo maana taa nyingi za gari balbu inakaa hapo. Ukiingia ndani ya F karatasi haipati chochote, chungulia kwenye kioo: mwali wa mshumaa umesimama wima, mkubwa, hiyo sio halisi.

Hesabu ni 1/f = 1/u + 1/v, f ni ule umbali wa F, u ni toka kioo mpaka mshumaa, v ni toka kioo mpaka taswira. Chukua f sm 10: mshumaa ukiwa sm 15, v inakuja 30, ukiwa sm 5 inakuja −10. Zote zimekuzwa mara mbili! Hiyo hasi ndo inakwambia taswira iko nyuma ya kioo na imesimama, wengi wanaifuta wakidhani wamekosea.

Konveksi, kilichobinuka nje, hakina mambo mengi, siku zote ndogo, wima, sio halisi, ila kinaona eneo kubwa ndo maana kipo kwenye saiti mira nyingi. Shida yake kitu kinaonekana kiko mbali kuliko kilivyo, kwa hiyo ukishuka Mlima Nyoka ukaliona lori dogooo kwenye saiti mira, geuza shingo kabla hujahama leni.