SOMO: Ndugu yako akikamatwa, wakili afike kabla ya maelezo

Wakuu, habari za saa hizi. Tukisikia ndugu kakamatwa, wengi wetu tunakimbilia kutafuta mdhamini, au mtu anayefahamiana na askari. Wakili tunamkumbuka siku ya kupandishwa kizimbani. Kwa kesi nyingi za jinai hapa Tanzania Bara, siku hiyo inakuta jambo zito limeshafanyika: ndugu yenu ameshatoa maelezo ya onyo (maelezo ambayo polisi huandika wakimhoji mtuhumiwa baada ya kumwonya kuhusu haki zake) na kuyatia sahihi.

Hatua ya 1: Jueni yuko wapi na kwa kosa gani. Anayekamatwa ana haki ya kuambiwa sababu. Ulizeni kituo, jina la mpelelezi na namba ya jalada. Andikeni pia saa aliyokamatwa, wakili ataihitaji.

Hatua ya 2: Tafuteni wakili, msiangukie kwa kishoka. Nje ya vituo na mahakama wapo wanaojiita wanasheria na hawana leseni. Ombeni jina kamili, mlitafute kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Mkimpa pesa, daini risiti.

Hatua ya 3: Maelezo ya onyo. Hapa ndipo kesi nyingi zinapofia, kwa hiyo someni taratibu. Kabla ya kuhojiwa, mtuhumiwa aelezwe kosa lake na aambiwe kuwa halazimiki kujibu, ukiacha jina na anwani yake. Ana haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Polisi wanaweza kuzuia mawasiliano na ndugu au rafiki wakiwa na sababu za msingi, mfano kuogopa ushahidi kupotezwa. Sababu hiyo sheria haikuiweka kwa wakili.

Mahojiano yana saa 4 za msingi, na yanaweza kuongezewa muda. Mtuhumiwa akiambiwa "muda unatubana, saini tu", ajue kwamba muda ambao mahojiano yamesimama ili apate wakili hauhesabiwi ndani ya saa hizo.

Akipewa karatasi, aisome yote au asomewe. Aangalie saa ya kuanza na ya kumaliza, kama kuna nafasi zilizoachwa wazi, na kama kuna sentensi ambayo hakuisema. Penye kosa parekebishwe kabla ya sahihi au dole gumba. Ungamo lililotolewa polisi kwa hiari linapokelewa mahakamani, na linaweza kumfunga mtu hata kama mashahidi wengine ni dhaifu. Wakili akiwa amekaa pale, mambo mengi ya ovyo hayatokei kabisa.

Hatua ya 4: Dhamana. Dhamana ya polisi ni bure. Kwa makosa yasiyo ya adhabu ya kifo, asipofikishwa mahakamani ndani ya saa 24 polisi wanapaswa kufikiria dhamana, isipokuwa kosa likionekana ni zito. Mdhamini aje na kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa. Mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha havina dhamana. Ndiyo maana wakili husoma kwanza kifungu kilichoandikwa kwenye hati ya mashtaka.

Hatua ya 5: Mahakamani. Asikiri "ili yaishe". Aliyetiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe kwa kawaida anabaki na nafasi ya kukatia rufaa adhabu tu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, akinyamaza si ataonekana ana hatia?
Jibu: Kunyamaza ni haki yake, na kazi ya kuthibitisha kosa ni ya upande wa mashtaka. Aseme kwa adabu: "Afande, nitatoa maelezo wakili wangu akifika." Asibishane wala asitukane.

Swali: Sisi hatuna uwezo kabisa. Tufanyeje?
Jibu: Pole sana. Kwa kesi ya mauaji, Mahakama Kuu humpangia mshtakiwa wakili bila malipo. Kwa makosa mengine ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017: hakimu akiona mshtakiwa hana uwezo na haki inadai awe na wakili, anaweza kuelekeza apatiwe. Mwombeni hakimu mapema, mshtakiwa asingoje kuulizwa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC) nao wanatoa msaada wa kisheria, na wasaidizi wa kisheria wapo hadi wilayani.

Swali: Kaka yangu ameshasaini, tena anasema alipigwa. Tumechelewa?
Jibu: Hapana, dada yangu. Ombeni PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) atibiwe na majeraha yaandikwe mapema. Wakili aambiwe kila kitu: nani alikuwepo, saa ngapi, chumba gani. Upande wa mashtaka wakitaka kuyatoa maelezo hayo kama kielelezo, pingamizi liwekwe papo hapo, kabla hayajapokelewa. Hapo mahakama inasimamisha kesi ya msingi na kuchunguza kwanza kama yalitolewa kwa hiari, na wenye jukumu la kuthibitisha hiari hiyo ni upande wa mashtaka. Akikaa kimya yakapokelewa, kuja kulalamika kwenye utetezi wake kunakuwa na uzito mdogo sana.