Namba 8 iliyolala, kwa feluka za Nile

Ukiwa umeketi chini kando ya maji pale Aswan, na feluka, ile mashua ya tanga ya Nile, imekukalia kimshazari, usianze kuichora kwa ubavu wake. Kwa penseli laini ya 2B, bila kukandamiza, chora namba 8 ndefu iliyolala: tundu dogo upande wa omo (mbele ya chombo), kubwa upande wa tezi (nyuma). Teremsha mstari kila ncha, ziunganishe kwa mstari wa maji, kisha futa mstari wa chini wa lile tundu dogo. Siri iko kwenye usawa wa jicho: omo imenyanyuka kuupita, katikati ya chombo iko chini yake, hivyo ukingo wa mbali na wa karibu hupishana pale usawa huo unapovukwa. Foromali, boriti inayoshika tanga, ije baadaye, na iwe ndefu kuliko mlingoti. Wengi huifupisha, tanga likabaki kama leso. Ukichora kutoka darajani au kwenye ukuta mrefu wa barabara ya mtoni, 8 haifai kabisa, kwani kingo hazipishani: chora umbo la jani. Tishali, chombo bapa cha mizigo, nalo lina kingo tambarare, kwa hiyo anza na sanduku.