Mbwa Asivuke Kizingiti Chako: Kwa Wanaotaka Kutembeza Mbwa Uingereza

Niko Mombasa kwa likizo ya wiki tano, na tangu nishuke kwenye ndege haijapita siku mtu asije kupiga hodi kwa mamangu Kibokoni kuniuliza habari ya mbwa. Juzi alikuja kijana wa binamu yangu, kashika karatasi aliyochora jina la biashara na picha ya mbwa. "Shangazi, nasikia huko mtu analipwa kwa kutembea na mbwa tu. Mimi naenda Septemba kusoma. Asubuhi darasani, jioni natembeza." Babake ameketi naye barazani, uso umejaa furaha, na kiwanja cha Mtwapa kishatajwa kuwa kitauzwa ili safari itimie.

Kiwanja kisiuzwe kwa ajili ya mbwa. Nilimwambia hivyo mbele ya mwanawe, na nawaambia wazazi wote wenye kijana anayejiandaa: viza ya mwanafunzi hairuhusu kujiajiri. Atapewa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo, za kuajiriwa na mtu, basi. Kutembeza mbwa kwa jina lako mwenyewe ni kujiajiri, hata akiwa mbwa mmoja, hata ukilipwa taslimu. Wale walioenda kwa viza ya kudhaminiwa na mwajiri, akina dada wa nyumba za wazee hasa, nao wasijidanganye. Kazi ya ziada ina masharti yake, na hii haimo. Aliyekuja kama mwenza wa mwenye viza hiyo anaweza, na mwenye ukaazi wa kudumu anaweza. Soma karatasi yako ya viza kabla hujanunua hata kamba ya mbwa.

Haya, tuseme karatasi zako ziko sawa. Kazi yenyewe ipo, sitamkatisha mtu tamaa. Watu huondoka nyumbani saa moja na nusu asubuhi na kurudi saa kumi na mbili jioni, na mashirika ya ustawi wa wanyama yanashauri mbwa asiachwe peke yake zaidi ya saa nne hivi. Kwa hiyo mchana lazima pawe na mtu wa kumtoa. Wakati wa korona wengi walichukua mbwa kwa vile walikuwa wanafanyia kazi nyumbani, kisha ofisi zikawaita. Mimi nilianza wakati huo, 2021, baada ya miaka tisa ya zamu za usiku katika nyumba ya wazee. Nilitoza pauni 12 kwa saa, nikawa na wateja kumi na mmoja kabla mwaka haujaisha, na kwa mara ya kwanza tangu niondoke Mombasa nikawa nalala usiku.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipoumia.

England ina kanuni za leseni za shughuli za wanyama zilizoanza tarehe 1 Oktoba 2018. (Uskoti, Wales na Ireland Kaskazini wana zao, ukiishi huko uliza za huko.) Kumtembeza mbwa wa mtu hakuhitaji leseni. Kwenda kwa mwenye mbwa, ukamlisha, ukamtoa, ukamrudisha ndani na kufunga mlango, hakuhitaji leseni. Lakini mbwa huyo huyo akiingia kwako ukamtunza kama biashara, leseni inahitajika. Si wa kulala tu. Wa kushinda mchana naye anahitaji leseni. Narudia kwa sababu hili ndilo sikulijua: wa mchana naye!

Mteja wangu mmoja alikuwa muuguzi, zamu yake yaanza alfajiri. Akaniomba: badala ya mimi kwenda kumchukua mbwa saa sita, si aniachie asubuhi akipita, ashinde kwangu? Nilimwonea huruma, zamu nazijua. Nikakubali. Wiki ya pili akaja mwingine na ombi hilo hilo, kisha mwingine. Kufikia Machi 2022 jikoni kwangu walikuwa wakishinda mbwa wanne, siku tano kwa wiki, na mimi nahesabu pauni nikimshukuru Mungu.

Nilikuwa nimeuliza, msidhani sikuuliza. Niliuliza wenzetu, Wakenya na Watanzania wa mji ule, na mmoja aliyekaa kule miaka mingi akaniambia leseni ni ya wanaolaza mbwa usiku. Nikaridhika. Hakuwa na nia mbaya, ila hakujua, na mimi nilichukua neno lake kama fatwa. Usimuulize mtu wa nyumbani jambo la leseni. Piga simu kaunsili, yaani serikali ya mtaa ya mji unaoishi, idara ya leseni, uwaulize wao, na waombe jibu kwa maandishi.

Tena tuseme ukweli wetu. Sisi Mombasa tumezoea kuanza kwanza. Mtu anafungua kibanda mbele ya nyumba yao, anauza viazi karai mwaka mzima, na siku askari wa kaunti akija mnaongea, unaenda kulipa leseni, maisha yanaendelea. Kule hakuna kuongea. Kuendesha shughuli hiyo bila leseni ni kosa la jinai, na adhabu yake yaweza kuwa kifungo cha hadi miezi 6, au faini isiyo na kikomo, au vyote viwili. Kwa mbwa wanne jikoni!

Kilichonifichua kilikuja kwa njia mbili. Kwanza, mbwa wawili waligombana juu ya chakula na mmoja akachanwa sikio. Nilimkimbiza kwa daktari wa wanyama, bili ikawa pauni 1,840. Nikawaandikia watu wa bima bila wasiwasi, kwani nilikuwa nalipa kila mwezi. Wakakataa kwa sababu mbili. Bima yangu ilikuwa ya madhara kwa watu wengine na mali zao. Mnyama aliye mikononi mwangu hakuwamo, kwa kuwa kipengele chake hununuliwa juu yake na mimi sikukinunua. Na hata ningekinunua, shughuli ya kuweka mbwa nyumbani ilihitaji leseni ambayo sina. Kwa hiyo unaponunua bima, uliza kwa maneno haya haya: mbwa niliyekabidhiwa akiumia, akifa au akipotea, mnalipa? Na nikipoteza ufunguo wa mteja, mnalipa kubadilisha kufuli? Wakisema ndiyo, wakuonyeshe ukurasa ulioandikwa hivyo.

Pili, jirani. Huyu mama alikuwa akinisalimia kila asubuhi, hali ya hewa hivi, maua yangu vile. Kumbe kwa miezi mitatu ya salamu hizo alikuwa akijaza fomu ya kaunsili, siku na saa ya kila mbweko. Hapa Kibokoni jirani angegonga mlango siku ya kwanza: "Mama fulani, hao mbwa wananikosesha usingizi." Tungegombana, pengine tungenuniana wiki, kisha ningewaondoa mbwa na kumpelekea sahani ya pilau. Kule watu hawapendi kugombana uso kwa uso. Hasira wanaiandika, wanaitia kwenye bahasha, na wewe unaipata ikiwa imeshakuwa faili. Nimekaa nao miaka mingi na wamenitendea mema mengi, lakini hili bado linaniuma kuliko bili ya daktari. Ukifanya biashara yoyote nyumbani kwako, mwendee jirani mapema, muulize kama kuna kero, na umuulize tena baada ya mwezi.

Afisa wa kaunsili alikuja na tabasamu. Nilimkaribisha kama tunavyokaribisha mgeni, nikamwekea chai na mahamri, nikamweleza kila kitu: mbwa wangapi, siku ngapi, pauni ngapi. Nilidhani ukweli na heshima vitanikinga. Baada ya wiki mbili ikaja barua ya kuniita kwenye mahojiano ya kurekodiwa, yale ambayo kwanza unaonywa kwamba utakayosema yaweza kutumika mahakamani, na yale niliyoyasema mezani kwangu yalikuwa yameandikwa yote. Mkaribishe afisa, mheshimu, usimdanganye, lakini usimwage maelezo. Ukiitwa mahojiano ya namna hiyo una haki ya kupata mwanasheria kabla hujafungua kinywa. Shirika la ushauri la Citizens Advice wanakushauri bure pa kuanzia. Mimi nilienda peke yangu, nikiwa na tasbihi tu mkononi.

Walinipa onyo la maandishi, hawakunipeleka mahakamani. Lakini habari ilimfikia mwenye nyumba, na mkataba wangu ulikataza biashara na wanyama. Akanipa notisi ya miezi miwili. Nilihama na watoto wawili, shule ikabadilishwa, na bili ya sikio nikailipa kidogo kidogo hadi mwaka uliofuata.

Mbwa asivuke kizingiti chako. Hata akiwa mdogo, hata mwenye mbwa akilia, hata akikwambia ni leo tu. Na paka pia: masharti ya kuweka paka yameandikwa kwa vibanda maalumu, si chumba chako cha kulala, kwa hiyo paka mfuate kwao. Ukitaka kweli kuweka mbwa nyumbani, pata kwanza idhini ya mwenye nyumba kwa maandishi, omba leseni ya kaunsili, ukaguliwe. Kila mbwa awe na nafasi yake ya kutengwa, na kila mteja atie sahihi kukubali mbwa wake achanganywe na wa wengine. Leseni ina daraja la nyota, 1 hadi 5, na hudumu mwaka 1 hadi 3. Hapo ndipo uweke.

Mengine ni ya kawaida. Jisajili na mamlaka ya kodi, HMRC, ukipita pauni 1,000 za mapato kwa mwaka wa kodi, kabla ya tarehe 5 Oktoba baada ya mwaka huo kuisha. Pata cheti cha DBS, ambacho ni kama hiki chetu cha tabia njema, wateja watakiuliza. Bima ya gari ya kawaida haitoshi, iandikishe ya biashara, na mbwa afungwe garini. Mkanda wa shingoni uwe na jina na anwani ya mwenye mbwa, na chipu ni lazima kisheria tangu 2016. Baadhi ya kaunsili zina kikomo cha mbwa unaoweza kutembeza kwa pamoja. Kinyesi kiokote. Ufunguo wa mteja uandike namba, kamwe usiuandike anwani. Mbwa wa aina ya XL Bully, iliyopigwa marufuku, usimguse kabla hujaona cheti chake cha msamaha, kwani tangu tarehe 1 Februari 2024 kummiliki bila cheti ni kosa, na nje lazima afungwe kamba na mdomo. Zabibu, vitunguu na chokoleti ni sumu kwao, kwa hiyo usimwonee mbwa huruma kwa kipande cha keki yako.

Shangazi zangu wameniuliza kwa uchungu kuhusu najisi, na ni haki yao. Sisi Pwani ni Mashafii, mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nilimuuliza sheikh kabla sijaanza. Nina nguo za kazi zinazokaa kwenye gari, glavu na viatu vyake, na ndoo yenye udongo nyuma ya nyumba. Swala zangu ziko palepale. Ndugu wapendwa, msiseme "amepotea" kabla hamjaniuliza nafanyaje.

Na mnisaidie pia kuacha kusema kwamba wazungu wanapenda mbwa kuliko wazazi wao. Nimekaa miaka tisa na wazazi hao. Ndiyo, niliwaona wazee waliopita sikukuu bila mgeni, na iliniuma. Lakini nina mteja, mzee mjane mwenye nyonga mbovu, bintiye yuko mbali na anamlipia mimi niende kila siku. Mbwa natembeza nusu saa. Nusu saa nyingine ninakaa naye, kwa sababu siku nyingine mimi ndiye mtu pekee aliyesema naye. Bintiye analijua hilo, na ndilo analolilipia.

Wiki hizi tano mzee huyo yuko na dada mmoja wa Malindi anayefanya kazi hii mji wa pili. Dada huyo ana bima yake mwenyewe, wateja wote nimewaandikia na wakakubali kabla sijakata tiketi, na funguo nilimkabidhi kwa karatasi yenye sahihi zetu wote wawili. Mbwa wanabaki kwao.