Kuni kavu kwanza, aina ya mti baadaye

Tia ukuni uliokatwa juzi kwenye jiko lenye moto mkali, kisha utazame ncha yake. Haupiti muda utasikia "sssss", na povu litaanza kuchuruzika. Hayo ni maji. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji yanayofikia nusu ya uzito wake, kwa hiyo aliyejitwika kilo 20 za kuni mbichi huenda amejitwika na lita 10 za maji bila kujua. Maji hayo lazima yageuke mvuke, na joto la kuyageuza linatoka kwenye kuni hizohizo ulizokusudia zikupikie.

Hasara haiishii hapo. Ukuni ukishika joto hutoa gesi, na sehemu kubwa ya nguvu yake imo humo. Gesi hizo huwaka vizuri zikipata hewa ya kutosha na joto la nyuzi 600 hivi. Maji yakilipoza jiko, gesi hazifiki huko. Zinatoka zikiwa moshi. Moshi mzito unaouona juu ya bomba ni kuni zako zinazoondoka bila kuungua. Zikikuta bomba limepoa, huganda ndani yake kama lami nyeusi, na siku lami hiyo ikishika moto, paa nalo limo hatarini.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni "mti gani?" Miti mizito kama mgunga na mkaratusi hukaa motoni muda mrefu na kuacha makaa mazuri. Miti miepesi kama msonobari huwaka upesi na kwisha upesi. Lakini ukipima kilo kwa kilo, zote zikiwa kavu, joto lake halipishani sana. Msonobari una utomvu, na sifa yake mbaya ya masizi imekuzwa kuliko haki yake. Mimi nikiwekewa msonobari mkavu na mgunga mbichi, nachukua msonobari bila kufikiri mara mbili.

Unyevu unaotakiwa ni chini ya asilimia 20. Mwenye kipima unyevu apasue ukuni kwanza, achomeke sindano zake kwenye uso uliopasuliwa muda huohuo. Ukipima ganda la nje utadanganyika, kwa sababu nje hukauka kabla ya ndani. Asiye nacho agonganishe vipande viwili: vikavu hulia kwa sauti kali, vibichi hutoa mlio mzito uliofifia. Nyufa kwenye ncha na gome linalobanduka ni dalili nzuri, ila nimeshaona ukuni wenye nyufa tele ambao ndani bado ni mbichi.

Njia ninayoiamini zaidi ni mizani. Chukua vipande vitatu vya rundo, kimoja cha juu, kimoja cha katikati, kimoja cha chini. Vitie namba kwa makaa, vipime, andika. Rudia kila baada ya wiki mbili. Kipande kilichoanza na kilo 3 utakikuta na 2.6, kisha 2.3, kisha kushuka kunakuwa kwa shida. Uzito ukigoma kushuka mara mbili mfululizo wakati wa jua, kuni ziko tayari. Ukigoma wakati wa mvua usishangilie, huenda ni hewa tu iliyojaa unyevu.

Kukauka kunaanza na shoka. Maji hutoka zaidi kupitia kwenye ncha, na gome huyazuia, ndiyo maana gogo zima linaweza kuoza ndani kabla halijakauka. Kata vipande vifupi vinavyoingia jikoni, upasue mapema. Kwa jiko la kupikia, unene wa kifundo cha mkono unatosha. Jiko la kupashia nyumba joto linaweza kupokea vipande vya sentimita 7 hadi 15. Vipange juu ya mawe au fito visiguse ardhi, upepo upite katikati. Funika juu tu. Mwaka mmoja nilifunga rundo langu kwa turubai hadi chini nikajiona fundi. Nilipofungua, magome yalikuwa meupe kwa ukungu. Miti miepesi iliyopasuliwa ndogo hukauka kwa miezi michache ya jua, migumu kwenye baridi na unyevu inaweza kuhitaji hata miaka miwili.

Mbao zenye rangi, plaiwudi na mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa zisiingie jikoni kabisa. Baadhi ya dawa hizo zina aseniki, ambayo hubaki hata kwenye majivu, na majivu hayo ukiyamwaga bustanini unailisha sumu mboga yako. Kuni zilizookotwa baharini nazo ziache: chumvi yake hula chuma cha jiko.

Ukishawasha, tia kuni kidogo kidogo na uache tundu la hewa wazi. Moto ukikolea, toka nje utazame mdomo wa bomba. Moshi uwe haba, karibu usionekane. Hata hivyo madirisha yasifungwe kwa sababu hiyo, maana kaboni monoksidi, gesi inayoua watu usingizini, haina rangi wala harufu.